Kamera ya nje ya bei nafuu: pima ukuta kabla ya kuhesabu megapikseli

Kabla hujaanza kulinganisha kamera na bei zake, toka nje usimame pale unapotaka ifungwe. Beba simu, futi ya kupimia na karatasi. Andika mambo matatu: mtu atakayepita atakuwa umbali gani kutoka kwenye kamera, soketi ya karibu iko mita ngapi, na waifai inafika hapo kwa nguvu gani. Karatasi hiyo ikijaa, nusu ya kamera zilizoko sokoni zinakuwa zimejiondoa zenyewe, na zilizobaki unaweza kuzilinganisha bila kuyumbishwa na maandishi makubwa ya kwenye boksi.

Wanunuzi wengi huanzia upande wa pili. Wanaona 4K, wanaona kichwa kinachozunguka, wanaona sola, wanalipa. Baadaye ndipo inapogundulika kwamba waifai haifiki getini, au kwamba kamera ilikuwa imelala mtu alipopita. Kamera za bei ya chini siku hizi si mbaya hata kidogo. Nyingi zinaangushwa na kupewa kazi ambayo hazikutengenezewa.

Umeme kwanza

Boksi likisema kamera haina waya, linazungumzia picha tu, kwamba zinasafiri hewani hadi kwenye ruta. Umeme ni habari nyingine, na hapo ndipo kamera hizi zinapogawanyika katika aina mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Aina ya kwanza inachomekwa kwenye adapta ya volti 5 au volti 12. Iko macho muda wote. Inaweza kurekodi saa 24 mfululizo, na hata ukiiwekea irekodi matukio tu, nyingi hushikilia sekunde chache za kabla ya tukio, kwa hiyo unamwona mtu akiingia na siyo akiwa ameshapita.

Aina ya pili ina betri ya kuchaji, mara nyingi na paneli ndogo ya sola juu yake. Hii hulala. Kinachobaki macho ni kihisi kidogo cha joto kiitwacho PIR, ambacho kinasubiri kitu chenye joto tofauti na mazingira kikatize mbele yake. Kikishtuka kinaiamsha kamera, kamera inawaka, ndipo inaanza kurekodi. Kuamka huko kunachukua kama sekunde moja, pengine mbili kwa zile za bei ya chini kabisa, na mtu mwenye haraka anavuka mita 2 au 3 kwa muda huo. Mara nyingi rekodi inaanza na kisogo chake.

PIR ina vituko vingine. Inamhisi vizuri mtu anayekatiza kutoka kushoto kwenda kulia, lakini anayeijia moja kwa moja inachelewa kumhisi. Kwa hiyo kamera ya betri inayolinda njia ndefu ya kuingilia ifungwe pembeni ya njia ili mtu aikatize. Ukiielekeza mbele kabisa kama bunduki, umejinyima. Umbali wake wa kutegemewa ni mita 7 hadi 10. Joto la hewa likipanda kukaribia joto la mwili, yaani nyuzi 35 na kuendelea, mtu na mandhari vinafanana machoni mwa kihisi na kinaanza kukosa watu. Halafu kinyume chake: kichaka kilichopigwa na jua kikitikiswa na upepo, au gari lenye injini ya moto likipita, kinaweza kukishtua mara mia kwa siku.

Hizo mara mia ndizo zinazokula betri. Betri ya mAh 5,000 kwa volti 3.7 ina saa-wati 18.5. Kamera iliyo macho na inayotuma video tuichukulie inatumia wati 1.5, basi betri nzima ni kama saa 12 za kuwa macho. Matukio 20 kwa siku, kila moja sekunde 20, ni dakika 7 hivi, na betri itafika siku 100 na ushee. Matukio 300 kwa siku, jambo la kawaida kwa kamera inayotazama barabara, ni dakika 100, na betri imekwisha baada ya wiki moja hivi. Hapo hata hujatoa kile kinacholiwa kamera ikiwa imelala. Ile "miezi 6" iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kamera ya ukuta wa nyuma ambako hapiti mtu.

Sola inasaidia kwelikweli, mradi paneli ione jua. Paneli ya wati 3 ikipata saa 3 za jua kali itaingiza, baada ya hasara za vumbi, pembe na chaji, saa-wati 4 au 5 kwa siku, na hiyo inatosha hata kwa yale matukio 300. Shida ni kwamba mahali pazuri pa kamera ni chini ya paa, na chini ya paa hakuna jua. Kwa sababu hiyo achana na kamera ambayo paneli yake imegandishwa juu ya kichwa chake. Tafuta yenye paneli ya kujitegemea na waya wa mita 2 au 3, ili kamera ikae kivulini na paneli ikae juani. Ukiwa kusini mwa ikweta ielekeze kaskazini, ukiwa kaskazini ielekeze kusini, na hata palipo karibu kabisa na ikweta iinamishe nyuzi 10 au 15 ili mvua iteremke na vumbi. Kwenye baridi kali kuna jambo la ziada: betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, hivyo kamera nzuri hukataa chaji yenyewe, sola iwepo isiwepo.

Msimamo wetu ni huu: waya wa umeme ukiweza kufika, chukua kamera ya adapta. Kwa bei ileile unapata kamera iliyo macho, na hutapanda ngazi kushusha betri. Betri ibaki kwa sehemu ambazo waya haufiki kabisa, au kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta.

Ila waya nao una mtego wake. Kamera ya volti 5 ikiunganishwa kwa waya mrefu wa USB inafanya kazi vizuri mchana kutwa, halafu usiku inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Tatizo liko kwenye waya. Waya mwembamba wa geji 24 una ukinzani wa omu 0.084 kwa kila mita. Mita 10 kwenda na 10 kurudi ni omu 1.7. Mchana kamera inavuta ampea 0.4, zinapotea volti 0.7 njiani, inavumilia. Giza likiingia taa za infraredi, zile za kuonea usiku, zinawaka, inavuta ampea 1, zinapotea volti 1.7, kamera inabakiwa na 3.3 na kujizima. Ikijizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena, taa zinawaka tena. Mchezo huo unaendelea hadi alfajiri. Kwa umbali wowote unaozidi mita 5 tafuta kamera ya volti 12: kwa waya uleule na nusu ampea inapoteza volti 0.84 tu, na bado ina akiba. Kama umeshanunua ya volti 5, peleka umeme wa kawaida karibu na kamera kwa njia salama na uweke adapta hapo ndani ya boksi lisiloingiza maji, au badilisha waya uwe mnene, wa milimita 0.75 za mraba.

Waifai: dakika kumi na simu yako

Kamera nyingi nafuu zinatumia masafa ya GHz 2.4 pekee. Hilo si kasoro. Masafa hayo hupenya kuta vizuri kuliko GHz 5. Pakua programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu ya Android, simama pale pale kamera itakapokaa, funga milango kama inavyofungwa usiku, kisha soma nguvu ya mtandao wako wa 2.4. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo bora. Hasi 60 ni salama. Hasi 67 inatosha. Kwenye hasi 70 uko ukingoni, na ikifika hasi 75 kamera itakuwa inapotea hewani mara kwa mara. Antena ya kamera nafuu mara nyingi ni dhaifu kuliko ya simu yako, kwa hiyo ukisoma hasi 68 usijifariji.

Mabati, zege lenye nondo na vioo vyenye utando wa metali ndivyo vikwazo vikubwa. Tofali moja la kawaida linapunguza kidogo tu. Wakati mwingine kusogeza kamera nusu mita kutoka nyuma ya nguzo ya zege kunarudisha nguvu kuliko kununua kifaa cha kuongeza mtandao. Ukilazimika kununua kifaa hicho, kiweke katikati ya safari, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Kukiweka pale palipokufa ni kurudia udhaifu uleule. Na kama kamera ina antena za nje, zisimamishe wima: antena ya fimbo hutawanya mawimbi pembeni mwake, na nchani mwake hakuna kitu, hivyo kuinyooshea ruta ncha ya antena ni kuikatia mawasiliano.

Kwenye mipangilio ya ruta, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana wa MHz 20. Kamera ikigoma kuunganishwa siku ya kwanza, mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi: simu yako iko kwenye GHz 5 wakati kamera inasikia 2.4 tu, ruta imewekewa usalama wa waifai wa WPA3 pekee ilhali kamera inajua ule wa zamani, WPA2, au nywila ya waifai ina nafasi na alama ambazo programu ya kamera inazivuruga. Njia fupi ni kuwasha mtandao wa wageni kwenye ruta, wa 2.4 pekee na WPA2, ukauacha uwe wa kamera daima. Ukifanya hivyo unakuwa pia umezitenga kamera na kompyuta za nyumbani, jambo tutakalolirudia.

Kasi ya kupakia ndiyo muhimu, si ya kupakua. Kamera ya 1080p inahitaji kama Mbps 2 unapoitazama kwa mbali, ya megapikseli 4 inahitaji 3 au 4. Kamera nne zikitazamwa pamoja zinaweza kuiziba intaneti ya kupakia Mbps 5, na kila mtu ndani ataanza kulalamika. Mahali pasipo na waifai kabisa, kama shambani au kwenye jengo linalojengwa, kuna kamera zinazochukua laini ya simu ya 4G. Ni nzuri, ila ukiitazama moja kwa moja kwa Mbps 1 inakula MB 450 kwa saa. Iwekee irekodi kwenye kadi na kukutumia taarifa na picha tu.

Na umeme ukikatika? Ruta inazima, na kamera ya betri iliyobaki hai haina wa kumwambia. Betri ndogo ya akiba ya volti 12 kwa ajili ya ruta ni kifaa cha bei ya chini kinachofanya kazi kuliko kuongeza kamera ya pili.

Mita, nyuzi na pikseli

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilipima picha kwa pikseli zinazoangukia kila mita ya upana pale mtu alipo. Kujua kwamba kuna kiumbe kunahitaji pikseli 25 kwa mita. Kumtambua mtu unayemfahamu, 125. Kumtambulisha mgeni kiasi cha kumpa mtu mwingine picha akasema "ndiye huyu", 250. Namba hizi zinageuza swali lako kuwa hesabu ya darasani.

Kamera nyingi za nje zinakuja na lenzi ya milimita 2.8, yenye upeo wa kama nyuzi 100 kutoka kushoto hadi kulia. Angalia lakini: boksi hupenda kuandika upeo wa kona kwa kona, ambao ni mkubwa zaidi, 120 au 130. Kwa nyuzi 100, upana wa picha ni umbali mara 2.4. Lenzi ya milimita 4, nyuzi 80 hivi, ni umbali mara 1.7. Lenzi ya milimita 6, nyuzi 50, upana unakaribia kulingana na umbali wenyewe, mara 0.93.

Sasa gawanya. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Ili zipatikane 250 kwa mita, picha isizidi mita 7.7 kwa upana. Kwa lenzi ya 2.8 hilo linatokea mtu akiwa mita 3.2 kutoka kwenye kamera. Basi. Akiwa mita 10 utaona binadamu mwenye shati jeupe. Kamera ya 4K yenye lenzi hiyohiyo, pikseli 3,840, inafikisha mita 6.4. Lakini ile 1080p ya kawaida ukiipa lenzi ya milimita 6 inafikisha mita 8. Kamera ya bei ya chini yenye lenzi nyembamba inaishinda 4K yenye lenzi pana, kwenye umbali ambao geti nyingi zipo, na inakula nusu ya kadi au chini ya hapo.

Ndiyo maana ile karatasi ya mwanzo ilitaka umbali. Mtu akipita mlangoni mita 2 au 3 kutoka kwenye kamera, 1080p na lenzi ya 2.8 zinatosha. Geti likiwa mita 6, chukua megapikseli 4, pikseli 2,560, na lenzi ya milimita 4: inafika mita 6 kamili. Ukitaka kuona uwanja mzima na pia sura ya anayeingia, nunua kamera mbili nafuu, moja pana na moja nyembamba. Kamera moja haifanyi kazi zote mbili, hata muuzaji aape.

Zile zinazozunguka zina mvuto, na kwa kuchungulia uwanja ukiwa safarini zinafaa. Kwa ushahidi zina udhaifu wa wazi: tukio likitokea upande ambao haikutazama, haipo. Mota na gia zake ndogo pia ndizo za kwanza kufa. Ukiipenda, iwekee mahali pa kurudi ikimaliza kuzunguka.

Kuhusu udanganyifu: kuna kamera zinazoandikwa megapikseli 8 ilhali kihisi chake ni cha 2 au 3 na picha inanyooshwa kwa programu. Usisome megapikseli, tafuta namba mbili za ukubwa wa video, kwa mfano 2560×1440, na aina ya kihisi. Kamera ikifika, pakua kipande cha video kutoka kwenye kadi, kifungue kwenye kompyuta, soma ukubwa wake, kisha kikuze: maandishi ya kwenye kibao yakiwa na kingo za ukungu wakati ukubwa unadai 4K, irudishe.

Usiku

Wanaokuja mchana kwa kawaida wanagonga hodi. Kwa hiyo pima kamera kwa picha ya usiku, na si picha ya ukuta uliotulia. Tafuta video ya mtu anayetembea. Gizani kamera nafuu huongeza muda wa kila fremu ili ipate mwanga, na mtu anayetembea anageuka ukungu mrefu. Picha ya uwanja mtupu itang'aa vizuri, sura haitakuwepo.

Vitu viwili vinapunguza tatizo hilo. Kwanza ukubwa wa kihisi: cha inchi 1/2.8 ni kikubwa kuliko cha 1/4, na megapikseli nyingi kwenye kihisi kidogo ni mashimo madogo yanayopokea mwanga kidogo. Pili uwazi wa lenzi: f/1.6 inaingiza mwanga mara 1.5 na zaidi ya f/2.0. Kamera ya megapikseli 2 yenye kihisi kikubwa na f/1.6 mara nyingi huishinda ya megapikseli 5 ya bei hiyohiyo baada ya magharibi.

Taa za infraredi za nanomita 850 zinaonekana kama nukta nyekundu hafifu ukizitazama, na zinafika mbali. Za 940 hazionekani kabisa ila umbali wake ni mfupi. Kwa nje chagua 850. Zile zenye taa nyeupe inayowaka mtu akitokea zinatoa picha ya rangi, na mwanga wenyewe huwafukuza wengi. Hasara yake ni wadudu. Ukiweza kuweka taa ya LED ya wati 5 au 10 iwake usiku kucha mita chache kutoka kwenye kamera, hata kamera dhaifu inakuwa ya maana. Taa hiyo iwe pembeni ya kamera au nyuma yake, isiangaze lenzi.

Ukungu mweupe kwenye picha za usiku una sababu chache zinazojirudia: ukingo wa paa au ukuta ulio karibu sana unarudisha infraredi, utando wa buibui uko mbele ya lenzi, au kamera iko ndani ya kioo. Kupitia kioo hakuna dawa isipokuwa kuzima infraredi na kuwasha taa ya nje. PIR nayo haioni kitu kupitia kioo. Isogeze kamera mbele sentimita chache hadi ukingo wa paa utoke kabisa kwenye picha.

Rekodi inakaa wapi

Kampuni nyingi huuza kamera kwa bei ya kutupa kwa sababu faida iko kwenye malipo ya kila mwezi. Kabla ya kununua, uliza swali moja: nisipolipa chochote, nini kinabaki? Kamera inayofaa inarekodi kwenye kadi, inakuruhusu kurudia video kwa simu, na inamtofautisha mtu na mti ndani yake yenyewe bila malipo. Kama mojawapo iko nyuma ya malipo, zidisha ada ya mwezi kwa 36, yaani miaka mitatu, uongeze kwenye bei, ndipo ulinganishe.

Ukubwa wa kadi ni hesabu nyepesi. Mbps 2 ni MB 900 kwa saa, GB 21.6 kwa siku. Kadi ya GB 128 inashika siku 5 na ushee za kurekodi mfululizo. Mbps 4 ni siku 3 kasoro kidogo. Mfumo wa kubana video wa H.265 unaweza kukaribia kupunguza nusu ukilinganisha na H.264, ingawa simu ya zamani inaweza kugoma kuufungua. Nunua kadi zinazotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwa kuwa kadi ya kawaida huchakaa haraka kwa kuandikwa juu kwa juu. Kadi bandia zimejaa: inaonyesha 256, kumbe ndani ni 32, na baada ya hapo inaandika hewani. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw au F3, kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Kadi iliyomo ndani ya kamera ina udhaifu mmoja wa dhahiri: anayeing'oa kamera anaondoka na ushahidi. Kama iko chini ya mita 2.5, rekodi iwe na nakala mahali pengine. Hapo ndipo RTSP na ONVIF, lugha za pamoja za kamera kuzungumza na vifaa vya kampuni nyingine, zinapopata thamani. Kamera yenye moja ya hizi inaweza kupeleka video kwenye mashine ya kurekodi au kompyuta kuukuu iliyo ndani, bila kutegemea seva za kampuni, na itaendelea kufanya kazi hata kampuni ikifunga biashara. Kamera za betri nyingi hazina. Za adapta nyingi zinazo.

Kuifunga

IP65 ina maana vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii; IP66 inavumilia maji ya nguvu; IP67 inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa ukuta wa kawaida chini ya paa, IP65 inatosha. Kinachoua kamera ni sehemu ambazo namba hiyo haizilindi. Kifuniko cha mpira cha kadi kisipokaa sawasawa kinaingiza unyevu na lenzi inapata ukungu kwa ndani. Maungio ya waya yanayoning'inia nyuma hayana IP yoyote: yaingize kwenye boksi dogo, au yazungushie utepe wa mpira unaojishika. Waya kabla ya kuingia ukutani ushuke kwanza kisha upande, ili maji yadondoke kwenye tumbo lake badala ya kufuata waya hadi ndani.

Urefu ni mita 2.5 hadi 3. Juu ya hapo unarekodi kofia. Iinamishe kidogo, mstari wa mbingu usizidi sehemu ndogo ya juu ya picha, na ukwepe kuielekeza mashariki au magharibi moja kwa moja. Isitazame ndani kwa jirani. Programu nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi, utumie.

Kabla ya kutoboa ukuta, iache kamera ikifanya kazi mezani siku nzima, usiku ukiwemo, ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha. Hapo hapo badilisha nywila ya kiwandani, washa uthibitisho wa hatua mbili, sasisha programu ya ndani, na usifungue milango (port) yoyote ya ruta kuelekea intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vifaa vingi vya nyumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti nyingi, hadi Twitter na Netflix zikayumba. Kutenga kamera kwenye mtandao wa wageni kunazuia iliyotekwa isifike kwenye kompyuta yako. Uingereza tangu Aprili 2024 inawalazimisha watengenezaji kutangaza watasasisha kifaa hadi lini. Ukikuta modeli yenye tarehe hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, ni alama nzuri popote ulipo.

Baada ya kufunga, subiri giza, mwambie mtu apite njia zote ambazo mgeni angepita, kwa mwendo wa haraka, kofia kichwani. Tazama rekodi iliyoko kwenye kadi, siyo picha ya moja kwa moja. Punguza eneo la kuhisi mpaka barabara na miti itoke. Hakiki saa na tarehe. Kisha kila baada ya miezi 3 futa lenzi kwa kitambaa laini, ondoa tando, na ufungue rekodi ya wiki iliyopita uone kama inacheza hadi mwisho. Ikiwa na mapengo ya dakika kadhaa hapa na pale, kadi imechoka, ibadilishe kabla ya kuilaumu waifai.